SOKO LA SONDU NA MANENO YANAYOTANGULIA MOTO

Patroni wetu alipotugawia kazi za jarida la mwaka huu, wenzangu walinyakua mada tamu tamu: vitendawili, methali za ng'ombe, lugha ya makanga wa matatu. Mimi nikabaki na "migogoro na jamii". Nilijaribu kubadilishana na mtu lakini hakuna aliyekubali, basi nikaamua kuandika juu ya mahali ninapopajua kwa miguu yangu, yaani Sondu, ambako mama yangu anauza mananasi tangu kabla sijazaliwa. Nitazungumzia mapigano, ndiyo, lakini kwa kuwa hiki ni chama cha lugha, nitaingilia mlango wa maneno.

Kwa wale wanaotoka mbali, Sondu ni mji mdogo wa soko. Ukitoka Kericho mjini unapanda matatu hadi Kapsoit, unaiacha barabara kuu ya Kisumu, kisha unateremka kupitia Sigowet. Majani ya chai yanakuaga polepole. Baridi inaisha, jasho linaanza, na kando ya barabara unaona mananasi badala ya chai. Huko chini unaukuta Mto Sondu, ambao pia huitwa Miriu. Maji yake ni yale yale yaliyonyesha juu ya mashamba yetu ya chai, yakashuka kwa mito kama Kipsonoi na Yurith, na yakishapita Sondu yanakwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, yenye uwezo wa megawati 60, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Hapo ndipo kaunti tatu zinakutana: Kericho, Kisumu na Homa Bay. Nyamira nayo haiko mbali.

Mahali kama hapo pakikosa soko itakuwa ajabu. Wa juu wana maziwa, mahindi, mananasi na mboga. Wa chini wana omena, ngege, vyungu na mbuzi. Wakisii huja na ndizi. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kogo, anasema katika ujana wake walishuka na wimbi mgongoni na kupanda na chungu kichwani, na pesa haikuonekana kabisa. Nilimwuliza walikuwa wanasemezana kwa lugha gani. Akanicheka. "Tumbo halihitaji mkalimani," akasema. Lakini nilipombana zaidi alikiri kwamba yeye mwenyewe anajua kuhesabu kwa Kijaluo hadi ishirini, na kwamba wamama wa Nyakach walijua Kikipsigis cha soko. Kiswahili kilitumika wakati wa kugombana.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Watu hupenda kusema kwamba makabila haya yamekuwa maadui tangu jadi. Mimi sikubaliani nao. Kuibiana ng'ombe kulikuwepo, na hata kupigana, lakini vita vya kufukuzana kwenye ardhi vina umri unaohesabika. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda chai Kericho katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewapokonya Wakipsigis. Mwaka wa 1934 watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, kule kando ya ziwa, na wakakaa huko miaka mingi. Mashamba ya chai yalihitaji mikono, kwa hiyo wafanyakazi wengi wakaja kutoka Nyanza na Magharibi: Wajaluo, Wakisii, Waluhya. Unaona jinsi kidonda kilivyotengenezwa? Aliyenyang'anywa anamwona kila siku mwenzake akichuma chai pale pale kwenye shamba la babu yake. Mzungu aliyechukua shamba yuko London, hamwoni. Hasira humwangukia aliye karibu.

Hata hivyo hasira hiyo ilikaa kwa muda mrefu bila kuchoma nyumba. Ilisubiri mtu wa kuipuliza. Mnamo Septemba 1991, wakati Wakenya wengi walikuwa wanadai vyama vingi, mikutano mikubwa ilifanyika Kapsabet na Kapkatet. Kapkatet ni hapa kwetu, wengine wetu tunapita hapo tukienda nyumbani. Wanasiasa walidai majimbo na wakatoa vitisho kwa "watu wa nje". Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yakaanza katika shamba la Meteitei, Tinderet. Yakasambaa. Kufikia 1992 yalikuwa yamegusa Kipkelion, Londiani, Sotik na Sondu yetu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilisema katika ripoti yake ya Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wamekufa, na Bunge halikuipitisha ripoti hiyo. Baadaye, mwaka wa 1998, iliundwa Tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano hayo hayo, na ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi 2002. Mtoto aliyezaliwa wakati Meteitei ikiungua alikuwa amefika darasa la nne au la tano.

Ya 2007 na 2008 mnayajua kutoka kwa wazazi. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na nchi ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Katika mashamba ya chai ya Kericho wafanyakazi wa makabila mengine walivamiwa katika nyumba zao za kambi. Watu 218 kati yao walifika hadi mahakama za London kuishtaki kampuni ya Unilever kwamba haikuwalinda, na Mahakama ya Rufaa ya huko ikawakatalia mwaka wa 2018. Huko Chebilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, maduka yalichomwa. Na Oktoba 2022, miezi miwili tu baada ya uchaguzi ambao wenyewe ulipita salama, Sondu iliwaka tena. Watu waliuawa kwa mishale, nyumba na maduka yakachomwa.

Hiyo ya 2022 ndiyo niliyoiona kwa macho. Nilikuwa darasa la saba.

Sitaki kueleza mishale. Nataka kueleza daftari. Mama yangu ana daftari la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo huandika madeni. Pale sokoni watu huitana kwa bidhaa zao, kwa hiyo yeye ni Mama Nanasi, na rafiki yake mkubwa kutoka upande wa Nyakach ni Mama Omena. Mama Omena huchukua mananasi arobaini asubuhi bila kulipa, anayapeleka hadi Katito, akirudi siku ya soko inayofuata ndipo analeta pesa. Mama naye huchukua gorogoro tano za omena bila kulipa, anapanda nazo Sigowet, anawauzia majirani. Hakuna kati yao aliye na mtaji wa kutosha kununua mzigo kwa pesa taslimu. Mtaji wao ni hilo neno "chukua". Mwalimu wetu wa somo la biashara huliita mkopo. Mama huliita imani.

"Leo sina kitu, Mama Nanasi, nitakupatia siku ya soko."

"Chukua tu, mama. Kwani mimi nahama?"

Siku mapigano yalipoanza, mama alikuwa ameacha mananasi yake katika stoo ya Mama Omena, upande wa pili wa barabara. Alitoroka na daftari na watoto. Kwa wiki kadhaa hakuna mtu wa upande wetu aliyethubutu kuvuka. Nanasi lililoiva, jameni, haliwezi kungoja kamati ya usalama. Yote yalioza. Katika daftari Mama Omena alikuwa na deni letu, na sisi tulikuwa na deni la omena kwake, na hapo katikati kulikuwa na askari wa kutuliza ghasia. Miezi mitatu ilipita. Kisha jioni moja simu ya mama ikalia ujumbe wa Em-Pesa. Ilikuwa nusu ya deni. Baada ya dakika chache akapiga simu mwenyewe, akasema ile nusu nyingine ameikata kwa sababu ya omena. Hesabu ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Mama alikaa kimya kitambo, kisha akachukua kalamu akapiga mstari kwenye ule ukurasa.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakisema "mapigano yaliathiri uchumi" huwa wanafikiria duka lililochomwa. Duka linaonekana, linapigwa picha, na pengine mwenyewe analipwa kitu. Lakini soko lilipofunguliwa tena, neno lililosikika kila kona lilikuwa "pesa kwanza". Mtu aliyekuwa anauza mananasi mia mbili kwa siku ya soko akawa anauza sitini, kwa sababu wanunuzi wake hawana pesa ya mkononi na yeye haamini tena kuwakopesha. Hakuna anayepiga picha mananasi mia moja na arobaini ambayo hayakuuzwa. Mji ulionekana mzima, ila ulikuwa umepungua.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Wauzaji walianza kukaa kwa upande wao, kama wavulana na wasichana katika karamu ya shule. Bodaboda wakawa hawavuki baada ya saa kumi na moja jioni, na mgonjwa wa usiku akawa na shida yake. Mwenye nyumba wa kabila hili aliyekuwa na mpangaji wa kabila lile alipata chumba kitupu. Watoto walihamishwa shule katikati ya muhula. Deski yangu ilikuwa ya watu watatu, nikabaki peke yangu nikijidai mfalme kwa siku mbili, halafu nikaona si raha.

Sasa maneno. Nilipitia soko likizo ya Agosti na daftari langu mwenyewe, nikiandika maneno ambayo watu wanayatumia kuelezea mapigano. Nimechagua manne.

La kwanza ni MADOADOA. Tuanze na sarufi. Neno "doa" liko katika ngeli ya LI-YA: doa hili, madoa haya. Likirudiwa, "madoadoa", linapata maana ya vitu vidogo vingi vilivyotawanyika, kama tusemavyo matonetone au vipandevipande. Ng'ombe ana madoadoa, chui ana madoadoa, ndizi ikiiva sana inapata madoadoa. Neno zuri kabisa. Lakini tangu miaka ya tisini wanasiasa wa Bonde la Ufa wamelitumia kwa binadamu: "ondoeni madoadoa". Angalieni kazi inayofanywa na hilo neno. Likimwita jirani yangu doa, basi nchi imekuwa kitambaa, na kitambaa kina mwenyewe, na mwenyewe anafua. Mtu hasikii kwamba ameambiwa aue. Anasikia ameambiwa asafishe. Tena "ondoa" na "doa" yana vina, na nadhani ndiyo sababu yanateleza vizuri ulimini mbele ya kipaza sauti. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na "madoadoa" limo, pamoja na "kwekwe", yaani yale magugu tunayong'oa shambani. Mwanafunzi mwenzangu aliniuliza kama basi tuache kusema ng'ombe wa madoadoa. Hapana. Ng'ombe hakufanya kosa lolote.

La pili ni MGENI. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee mmoja wa Kijaluo aliyezaliwa katika kambi ya chai Kericho aliniambia, "Baba yangu alipewa hilo jembe kabla ya uhuru. Nimelirithi, na watoto wangu wamelirithi. Kijana, hiyo siku ya nne inafika lini?" Sikuwa na jibu. Lakini haki inanilazimu kuandika pia alichosema mzee wa kwetu nilipompelekea swali hilo: "Sisi tulifanywa wageni kwa shamba letu wenyewe, na hakuna aliyetuuliza siku." Maneno yote mawili ni ya kweli. Jambo linaloniudhi mimi ni kwamba wazee hawa wawili hawajawahi kuketi pamoja, ilhali wanakaa mwendo wa saa moja kwa miguu.

La tatu ni MPAKA. Hili linachekesha kidogo. Kama jina liko ngeli ya U-I, mpaka huu, mipaka hii, na maana yake ni mahali pa kukomea. Kama kihusishi, linakupeleka: kutoka Kapsoit mpaka Sondu. Neno moja linakusimamisha na kukusafirisha. Katika Sondu, kila mtu ana jibu lake kuhusu mahali mpaka ulipo. Nilipouliza mstari unapita wapi nilipata majibu manne kwa watu watatu. Zamani jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa. Mkoa ulikuwa mkoa, na ushuru ulikwenda mbali. Tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, mpaka umekuwa na bei. Aliye na soko ndiye anayekusanya ushuru wa soko, na kaunti zimekuwa zikivutana kwa jambo hilo. Ndiyo maana ugomvi wa watu wawili juu ya kibanda unaweza kugeuka haraka kuwa ugomvi wa kaunti mbili, na wa kaunti mbili ukageuka wa makabila mawili. Wataalamu wa ramani wakija na vyombo vyao, naomba watumie hata siku moja wakiwaangalia wamama wanavyovuka barabara na karai kichwani.

La nne ni KLASHI. Hili tulilikopa kwa Kiingereza na tukalizoea sana, hadi limekuwa kalenda. Kogo haniambii "mwaka wa 1992", ananiambia "klashi ya kwanza". Shangazi alizaliwa kabla ya klashi. Ng'ombe mwekundu alipotea katika klashi. Watu wa Kiswahili sanifu wangependa tuseme "mapigano ya kikabila". Mimi naona "klashi" lina ukweli wake, kwa maana "mapigano" yana watu wanaopigana, na wengi walioumia Sondu hawakuwa wakipigana na mtu. Walikuwa wanauza sukuma wiki.

Nilipowasomea wanachama rasimu ya makala haya, mwenzetu wa kidato cha nne alisimama akanipinga vikali. Alisema maneno hayachomi nyumba. Wanaochoma nyumba ni vijana wasio na kazi, na kinachowasukuma ni ardhi, ng'ombe walioibwa na pesa ya wanasiasa. Ati mimi nahangaika na ngeli wakati watu wanalia. Nakubali nusu. Bila ardhi iliyochukuliwa na bila pesa iliyogawiwa usiku, neno "doa" lingebaki kwenye nguo. Lakini kuna jambo moja ambalo ardhi peke yake haielezi. Ugomvi wa shamba ni wa watu wawili, na siku zote majirani huja kuamua. Katika klashi majirani hao hao wanakaa ndani na kufunga mlango, au wanakuja na kiberiti. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya siku hiyo wameshaelezwa, kwa miezi, kwamba anayepigwa si Mama Omena bali ni kitu fulani kilichotawanyika. Mtu hawezi kumwamulia kitu. Alipoulizwa ajibu hoja hiyo, mwenzetu alisema atafikiria. Bado anafikiria, na nimemwachia nafasi katika jarida la mwaka ujao.

Soko sasa liko wazi. Lilipofika mwaka wa 2023 kulitokea tena vurugu na likafungwa, kisha likafunguliwa. Mama na Mama Omena wamerudia kukopeshana, ila kwa sheria mpya: deni halizidi mananasi kumi na tano, na kila siku ya soko ukurasa lazima ufungwe. Zamani ulikuwa arobaini. Nilimwuliza mama ni lini watarudi arobaini. Akasema, "Wacha tufike ishirini kwanza, uchaguzi bado uko mbele."

KAZI YA KUFANYA. Kila mwanachama, na hata asiye mwanachama, anaombwa kuandika kwenye karatasi jina ambalo watu wa kwao huwaita majirani zao wa kabila jingine wakiwa peke yao nyumbani, na maana yake ya asili kama anaijua. Usiandike jina lako wala la kijiji chenu. Tunataka kutengeneza kamusi ndogo ya maneno ya mpakani, na Mwalimu amekubali isibandikwe ukutani mpaka kwanza isomwe na wote wanaohusika. Sanduku liko nje ya ofisi ya idara ya Kiswahili, lile la buluu lililokuwa la maoni ya chakula. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ya mitihani, saa kumi jioni.